Maneno Mawili ya Kuzuia Gari

Mpaka leo nikikuta parachichi limepondeka njiani, hasira inanipanda upya. Nalipiga teke hadi mtaroni. Watu wanaonijua wameshazoea, wananiacha nipite.

Mama yangu ana miparachichi nyuma ya nyumba, huku kwetu Kisiba. Aliipanda katikati ya migomba mimi nikiwa bado shuleni, akaihangaikia kuliko alivyoihangaikia afya yake mwenyewe. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa na kazi moja tu: mabati ya jikoni. Lile paa la jikoni lilikuwa limechoka, na mvua ya Rungwe haijui huruma kwa paa lililochoka. Mama alikuwa anapika huku amepanga ndoo na sufuria sakafuni kukinga matone.

Tuna kikundi cha wakulima wa parachichi. Mwenyekiti ni mzee mmoja mstaafu wa serikali, mtu wa koti na kalamu mfukoni hata akienda kukata majani ya ng'ombe. Mimi walinifanya katibu kwa sababu nafundisha Kiingereza sekondari mjini Tukuyu, na anayepanga safari za magari ya wanunuzi ni dada mmoja kutoka ng'ambo ambaye Kiswahili chake kilikuwa kinaishia kwenye asante. Mambo yote tuliandikiana kwa simu ya kikundi, ambayo mwenyekiti alikaa nayo yeye.

Nieleze kidogo kuhusu parachichi, maana bila hilo hasira yangu haitaeleweka. Parachichi haliivi likiwa mtini. Likiwa juu linakungoja, wiki hii au ile. Ukishalichuma tu, basi, limeanza safari ya kuoza. Ndiyo maana sisi huchuma siku moja kabla ya gari kufika, hatuthubutu kuchuma mapema zaidi.

Jumanne ile, nikiwa nyumbani kwa likizo, mvua ilinyesha mpaka kalavati la pale mtoni likaondoka na maji. Pikipiki yenyewe ilivuka kwa kubebwa. Fuso ya wanunuzi ilikuwa ije Alhamisi. Tukakutana kwenye baraza la kanisa, mwenyekiti akanipa simu niandike. Nikaandika kwa kifupi: "Please hold off till we call you. The culvert is gone."

Hold off. Maana yake subirini kwanza, msije bado. Ni Kiingereza cha watu waliozoeana. Mwanafunzi wangu akikitia kwenye barua ya kuomba kazi, namkata alama bila kupepesa macho. Lakini yule dada mwenyewe alikuwa anatuandikia "Hey, we'll swing by Thursday," yaani tutapitapita huko Alhamisi, na mtu anayekuandikia hivyo ukimjibu kwa Kiingereza cha koti na tai anadhani umemnunia, au haelewi unataka nini. Nilijua ninachofanya. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha.

Utaratibu wa kikundi ni kwamba ujumbe hautoki mpaka usomwe mbele ya watu na kutafsiriwa. Nikausoma. Nilipofika kwenye "msije bado," mwenyekiti akainua mkono kunikatiza.

"Unamwambia mgeni asije?" mwenyekiti akauliza.

"Namwambia gari lisije, mwenyekiti. Njia hakuna."

"Wewe mwalimu umelelewa wapi?"

Hapo kulikuwa na jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua. Kwetu mgeni harudishwi. Mgeni akiwa njiani na nyumbani hakuna kitu, unakwenda kuomba ndizi kwa jirani, unazipika mbalaga, unampokea kama vile ulikuwa unamsubiri tangu asubuhi. Kumwambia mtu usije ni sawa na kumfungia mlango usoni. Mimi nimelelewa hivyohivyo, na mama yule yule aliyekuwa amekaa pembeni ya baraza amejifunika kitenge. Lakini fuso ya tani kadhaa inahitaji kalavati. Mbalaga haina msaada kwake.

Nikabisha. Nikaeleza kwamba kwa Kiingereza hicho hakuna tusi, kwamba yule dada atashukuru. Akina mama wawili wakanivuta gauni nikae. Mwenyekiti akachukua simu, akashusha miwani puani, akafuta maneno yangu, akaandika yake, kwa Kiingereza cha ofisini, kwa kidole kimoja huku anayatamka kwa sauti ili tufaidi. Kwamba kwa unyenyekevu tunaiarifu ofisi yenu tukufu kuwa barabara yetu inakabiliwa na changamoto kadhaa kutokana na mvua. Kwamba hata hivyo mnakaribishwa sana. Chini akaweka: Katibu. Yaani mimi. Watu wakapiga makofi.

Jibu lilikuja palepale. Yule dada alishukuru kwa ukarimu wetu, akaweka na uso unaocheka. Tutaonana Alhamisi.

"Umeona?" mwenyekiti akaniambia. "Lugha nzuri." Kisha akatangaza kwamba watu wachume.

Nilimwambia mama asichume. Akanitazama kama mtu aliyechoka kugombana, akasema wenzake wote wanachuma, naye akichelewa gari litamwacha. Jumatano nzima tulichuma. Nilichuma nimeuma meno.

Alhamisi fuso ikafika ng'ambo ya mto. Dereva akajaribu kupita pembeni, tairi za nyuma zikazama kwenye tope hadi chesisi ikalala chini. Ilitolewa na trekta la mashamba ya chai, jioni, na dereva alipotoka pale aligeuza akaenda zake bila hata parachichi moja. Tulisimama upande wetu na kreti zetu zimejaa, tunamtazama akiondoka.  Mama alirudi nyumbani akaanza kuyatandaza maparachichi kwenye magunia, ya kuuza kwa wapita njia huku na ya nguruwe kule. Baada ya siku chache nyumba nzima ilinuka, na nguruwe wenyewe wakayakinai.

Yule dada akapiga simu kutuambia kwamba msimu ule hawatarudi upande wetu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini hamkuniambia? Mwenyekiti alikuwa amesimama karibu yangu. Kwenye kikao kilichofuata alisimama akaeleza kwamba tatizo ni mawasiliano, kwamba Kiingereza kina mitego yake, na kwamba mwalimu wetu bado ni kijana atajifunza. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Nikatoka nje kwenye mvua kabla sijamtukana mtu mzima kanisani.

Msimu uliofuata wanunuzi wakakubali kutujaribu tena. Na mvua, kama kawaida yake, ikarudi. Jumamosi moja mchana nikamwona mwenyekiti anakuja kwetu kupitia kwenye migomba, mwavuli mkono mmoja, simu ya kikundi mkono mwingine. Nikajua anachotaka. Nikatoka nikasimama njiani.

"Mwenyekiti, leo usije," nikamwambia. "Rudi."

Alisimama kama aliyegonga ukuta. Nadhani maishani mwake hakuwahi kuambiwa hivyo. Na nakiri kabisa, niliufurahia ule uso wake.

Lakini mama alikuwa amesikia. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akanipita kama sipo, akamwamkia kwa Kinyakyusa, "Mugonile," akamshika mkono na kumwingiza ndani. Mimi nikaamriwa nilete maji ya kunawa. Nikaleta. Nikamnawisha mikono mtu yule, katika jiko lile linalovuja, ndoo ikipokea matone karibu na goti lake, naye akaandaliwa mbalaga ya maharage, sahani imejaa.

Alikula vizuri. Akasifia chakula. Kisha akasema kwamba njia ya mtoni imeharibika tena na fuso ni kesho kutwa, kwa hiyo mwalimu awaandikie, ila kwa lugha nzuri, tusije tukaonekana tunafukuza wageni.

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Mgeni ni wewe, baba, unayekula," akasema, naye anamwongezea maharage. "Ile ni gari. Mwache mtoto aandike isije."

Mzee akatazama sahani. Akaangalia juu kwenye paa, kisha ndoo. Tone likaanguka. Hakusema samahani na sikutegemea aseme. Aliisukuma simu mezani kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na mchuzi.

Nikaandika maneno yaleyale ya mwaka jana, nikatuma kabla hajanawa.