Mfuko Mweupe wa Buti Langu

Leo wamenisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi safu ya mbele msikitini, na sikuhisi chochote.

Kijana mmoja alipangusa magurudumu kwa kitambaa, akasema, "Karibu, mzee." Basi.

Sina siku nyingi, kwa hiyo niwaambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Miaka ya sabini nilikuwa kijana aliyepooza mguu kwa polio. Nilivaa vyuma vilivyoshikana na buti, na bila buti sikuweza kusimama.

Mama akanishonea mfuko mweupe wa kulifunika, ili niweze kuingia msikitini.

Ijumaa ya kwanza nilitoka Kilimani hadi mjini, nikainama mlangoni pa msikiti kuuvaa juu ya buti.

"Kijana, viatu," mzee mmoja akanizuia.

"Huu ndio mguu wangu, mzee."

"Huo mguu una kamba?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo.

Tangu siku hiyo niliswali nimekaa nje kwenye ngazi, kando ya viatu vya watu, mfuko ukiwa ndani ya koti.

"Umeswali na wenzako?" Mama aliuliza kila Ijumaa.

"Ndiyo, Mama."

Naye aliufua ule mfuko kila wiki, ingawa haukuwa na hata doa.

Kisha Ijumaa moja, badala ya mfuko, akanipa kipande cha blanketi kilichokunjwa vizuri.

"Ngazi zina baridi," akasema, akarudi jikoni.

Hatukulizungumza jambo hilo mpaka anafariki.

Nyinyi mngemjibu nini siku ile?