Kura ya Kokwa za Tende

Mimi nilisoma chuo cha Kurani tu, juzuu amma, kisha nikaolewa. Basi siku mjukuu wangu alipoletwa nyumbani kutoka skuli yake ya wasichana hapa mjini Ibra, kaanguka kwenye mstari wa asubuhi kwa jua, sikuandika barua. Nilivaa buibui nikenda mwenyewe.

Mwalimu mkuu, mudira tunavyomwita, alinikalisha kwa adabu. Serikali imejenga skuli, akasema, imetoa vitabu na mabasi, lakini banda la kivuli uwanjani halimo. Zipo fedha za maonyesho, tulizopata sisi akina mama kwa kuuza vyakula. Zinatosha kitu kimoja: banda, au pazia la jukwaa. Jumatatu akina mama watapiga kura.

Fedha zile nusu yake ni vitumbua vyangu, tusidanganyane.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alitaka pazia. Mjukuu wake ndiye aliyesoma mashairi kila sherehe. Alipita nyumba hadi nyumba akilisifu hilo pazia, bado halijashonwa.

Jumatatu tukajaa ukumbini, kiyoyozi kinavuma, kahawa na tende mbele yetu. Zikaanza kugawiwa karatasi. Nikasimama.

"Mudira, bibi wengi humu kalamu tunaijua kwa sura tu. Tutapigaje kura?"

Wifi akanirushia kwa Kiswahili, ili mudira, anayejua Kiarabu tu, asielewe: "Wewe piga kwa mdomo, wifi. Unafika mpaka Nizwa."

"Na wako umeshafika Sur, unauza pazia!"

Walioelewa wakacheka. Nikamwambia mudira: weka mabakuli mawili. Kila mama ale tende, kokwa aitie katika bakuli jeupe akitaka kivuli, au la kijani akitaka pazia. Mudira akafurahi, akanisifu mbele ya watu. Nikavimba kama andazi.

Kumbe nimeharibu. Nani kwetu anakula tende moja mbele ya mwenyeji? Ni kumdharau. Tunakula tatu, tano, hesabu isiwe shufwa. Mudira alipohesabu, mle ukumbini hatukufika arubaini, kokwa zimepita mia! Wengine wametia huku na huku, wasimuudhi mtu. Na bakuli la kijani ndilo lililojaa zaidi.

"Nyie," mudira akasema, "mmekuja na wangapi matumboni?"

Wifi akashika kiuno. "Kura ni kura! Kijani kimeshinda!"

Nilimwona mjukuu wangu juani mwaka mzima mwingine, na kosa ni langu mimi, na ujuzi wangu wa tende. Nikasema, "Mudira, zimwage. Tupige tena, lakini siyo humu. Twende uwanjani, tusimame wanaposimama watoto. Anayetaka kivuli, mkono juu. Anayetaka pazia, naye atanyoosha wake kule kule."

Mudira alinitazama, akatabasamu, akafungua mlango.

Saa nne za asubuhi, mwezi wa tano, Ibra! Saruji inapitisha joto kwenye ndara kama kikaango. Tukapangwa mistari kama watoto, na mudira, kwa makusudi naona, akaanza kueleza upya, polepole, tangu serikali ilipojenga skuli. Hakufika kwenye vitabu.

"Kivuli!" sauti ikatoka nyuma. "Mimi nataka kivuli! Nirudisheni ndani!"

Nikageuka. Ni wifi yangu, mikono yote miwili juu, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Mikono mingine ikafuata kabla mudira hajauliza. Pazia halikupata hata kidole.

Banda lilisimama kabla ya muhula mpya. Sherehe ya kwanza ikafanywa chini yake, na mjukuu wa wifi akasoma shairi lake vizuri mno, nasema kweli. Wangu alisimama mstarini mpaka mwisho, mkavu, anacheka na wenzake.

Wifi alikaa mbele kabisa, kivulini. Akaniinamia.

"Si nilisema mimi, kivuli ndicho?"

"Ulisema, wifi," nikamjibu, "tena kwa mikono miwili."