Niliposhindwa Kumuuliza Mama Kilo Zake

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, theluji ilikuwa inadondoka polepole kama unga unaochekechwa, na mimi shangazi yako nimesimama kwenye karakana nchi ya mbali, drili mkononi.

Msichana wa Makwale, niliyezoea matope ya mpunga, nilikuwa nafunga vifungio vya buti kwenye zile mbao ndefu za kutelezea theluji, wenyewe wanaziita skii. Nilifikaje huko? Kazi tu, na ndoto nyingi. Nikichungulia dirishani niliona milima myeupe, nikaifikiria ile ya Matema inavyosimama juu ya ziwa, nikajiona kama sijatoka nyumbani.

Akaingia mama mmoja mrefu, anatembea upesi. Alitaka vifungio vya kupandia mlima kwa miguu na kushukia kwa kuteleza. Nikamwekea aina mbili mezani. Ya kwanza nyepesi, inashika ncha ya buti kwa pini mbili ndogo, na kisigino kinabaki huru ukipanda. Ya pili nzito, inabeba buti zima, lakini ukishuka unatulia. Akazipima mkononi, akacheka.

"Nipe nyepesi. Huo mzigo mwingine ubebe wewe, una magoti mapya."

Nikapima buti lake, nikaweka alama kwenye mbao, nikatoboa, nikatia gundi na skrubu. Ikabaki springi. Hiyo ndiyo inayoamua kifungio kiuachie mguu lini mtu akianguka. Ukilegeza sana, skii inachomoka njiani. Ukikaza sana haiachii, na mguu unaumia. Ili kupata kipimo lazima umuulize mtu umri wake na kilo zake.

Nilishindwa, mwanangu. Sisi tumelelewa kumsalimia mama mtu mzima kwa kupiga goti, macho chini. Sasa nimwambie, mama, una miaka mingapi, una kilo ngapi? Nikamwangalia kwa pembeni, nikakadiria hamsini na kitu, kilo sabini. Nikakaza. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, moyoni najisifu kwa adabu yangu.

Kesho yake alirudi ameshikiliwa na binti yake, goti limefungwa bendeji. Alianguka anguko dogo tu, lakini skii haikuachia. Daktari alisema goti limevutika, halikuvunjika. Machozi yakanitoka.

"Ulikadiria?" akaniuliza.

"Nilikadiria, mama. Niliona aibu kukuuliza."

"Aibu yako au yangu?"

Nikafuta machozi, nikachukua kalamu.

"Nina miaka sabini na moja," akasema kwa sauti, wateja wote wanasikia. "Na kilo hamsini na tano, koti ndilo limekudanganya. Haya, andika. Ukimaliza nipe kiti, maana heshima yako imenichosha."

Nikampa kiti. Kisha nikalegeza springi mbele yake, namsomea kila namba.

Nakuandikia haya kwa sababu wiki ijayo unaanza kazi kwenye duka la dawa pale Bondeni. Wazee wetu watakuja, nawe utawasalimia vizuri, utapokea kwa mikono miwili. Usiyaache hayo. Lakini dawa nayo ina kipimo chake. Muulize bibi umri wake. Muulize mama kilo za mtoto, muulize dada kama ana mimba, hata kama uso utawaka moto. Uliza kwa sauti ya chini, uliza kwa Kinyakyusa ikiwa rahisi, ila usikadirie mwili wa mtu kwa macho. Akikasirika atapoa. Lakini yule mama hakupanda mlima tena msimu ule wote wa baridi, na kila asubuhi nilimwona akipita dirishani na fimbo yake, akinipungia mkono.

Mungu akupe ulimi mpole usioogopa. Kila atakayetoka mlangoni kwako afike kwake mzima, nawe ulale usingizi mnono. Ndaga, asante, mwanangu.