Buti Nyeupe za Rafu ya Juu

Mwuzaji wa vifaa vya mitumba vya kutelezea thelujini pale Iiyama, Japani, huongea akiwa amebana skrubu midomoni, kama fundi cherehani na pini zake, huku vidole vyake vyenye sugu vikikaza vifungio vinavyoshika buti kwenye ubao wa kutelezea. Kila buti ngumu ya plastiki inayoingia dukani huinusa, huigonga kwa kifundo cha kidole, kisha huitegea sikio. Jumamosi moja binti mmoja, Chizuru, aliingia na yeni elfu ishirini tu, za buti na vifungio, na mashindano yake ya kuteleza yalikuwa kesho yake. Jicho lake likanasa rafu ya juu: buti nyeupe pee, hazina mkwaruzo wala kibandiko cha bei.

"Chukua zile za njano," mwuzaji alisema, akimwonyesha buti kuukuu za rafu ya chini.

"Zile zimekwanguka kama sufuria ya jeshi, mjomba! Nipe nyeupe. Au unamwekea mchumba?"

Mwuzaji hakucheka. Aliteremsha buti moja, akaifuta vumbi taratibu kwa mkono wa shati, akaichomeka kwenye theluji nje ya mlango. Wakasubiri mpaka chai ya mwuzaji mezani ikapoa. Alipoirudisha ndani aliikunja mara moja tu kwa mikono miwili, nayo ikapasuka kama ganda la yai.

"Plastiki huzeekea hata rafuni, binti, na ikipata baridi huvunjika. Hii ingekupasukia kwenye kona, ukiwa katika kasi."

Chizuru aliinama kumsaidia kuokota vipande. Ndani ya buti palikuwa na jina la mwuzaji mwenyewe kwa wino, lile lile lililoandikwa juu ya mlango wa duka. Mwuzaji akalifunika kwa kidole gumba.

"Haya, vaa za njano," akasema, na safari hii midomoni mwake hamkuwa na skrubu hata moja.