Nishani Iliyofika kwa Jirani

Nishani ya Wajerumani ilipofika kwa jirani yangu, mimi ndiye niliyeshona koti la kuivalia. Si jambo la kujisifia.

Mimi ni mshonaji hapa mtaa wa Kamalondo, huku Katanga. Jirani yangu nimekua naye, ukuta mmoja tu unatutenga. Babu yake alikuwa askari wa Wajerumani katika vita ya kwanza ya Wazungu. Alitekwa, akaletwa huku, akabaki kufanya kazi ya shaba. Babu yangu alikuwa upande wa pili, askari wa Wabelgiji. Alitoka Katanga mpaka Tabora kwa miguu, akarudi na goti lisilokunjika. Utotoni nilimtania mwenzangu juu ya nkambo, yaani babu: "Nkambo yenu balimushinda. Ya kwetu njo alishinda."

Mwaka jana padri alileta habari. Mama mmoja Mjerumani alikuwa amekuta kiboksi katika vitu vya babu yake, aliyekuwa ofisa. Ndani mlikuwa na nishani na barua. Nishani ilikuwa ya babu wa jirani: alimbeba ofisa huyo akiwa amejeruhiwa, akamvusha mto risasi zikilia. Ilitolewa vita vimekwisha, mwenyewe yuko huku tayari. Barua ilikuwa ya babu huyo huyo, kaandikiwa na padri wa zamani, akiiulizia nishani yake. Ofisa hakujibu. Sasa mjukuu wa ofisa alitaka kuileta mwenyewe na kumpa mtoto wa mwisho wa askari, yaani baba wa jirani yangu, mzee ambaye hata kusimama anashikwa mkono.

"Yaya, utatushonea koti?" jirani aliniuliza, akiniita mkubwa wake kama kawaida. "Baba anataka ya bluu."

Nikakubali, huku moyo unawaka. Risasi za mto ule zilikuwa za nani? Pengine za babu yangu. Aliyepiga amesahauliwa, aliyekimbia analetewa zawadi kwa ndege mpaka uwanja wa Luano.

Koti la nishani linatiwa kitambaa kigumu kifuani, kwa ndani, la sivyo chuma kinalivuta. Sikukitia.

Jumapili baada ya misa, ukumbi wa parokia ulijaa. Mjerumani, mwanamke mwenye mvi, alisoma karatasi, padri akatafsiri. Kisha Mjerumani akampachika mzee nishani. Nguo ikalegea, ikaanza kuchanika. Mzee akaweka kiganja juu yake, akabaki hivyo mpaka mwisho, katika picha zote. Watu walidhani anashika moyo. Baadhi walilia. Nilitaka aibike, nikampa heshima zaidi, na hata hiyo nikaionea wivu.

Kesho yake jirani alikuja na koti mkononi. "Imepasuka, Yaya. Labda kitambaa kilikuwa kibaya."

"Hapana, kitambaa kiko muzuri. Mimi njo sikutia ya ndani."

"Ulisahau?"

"Hapana."

Akataka sababu. "Juu ya nini?"

"Juu sisi hatukupata kitu."

Akakunja koti polepole, akaenda kulishonesha kwa fundi mwingine, mtaa wa Ruashi. Zaidi ya mwezi hatukusalimiana.

Kisha mzee akaniita. Nilimkuta sebuleni, nimejiandaa kuomba msamaha, lakini hakungoja.

"Siku za sikukuu," alisema, "nkambo yako alikuwa anavaa uniforme, anapita hapa na benzake. Baba yangu alikuwa anafunga mlango mpaka bamalize kupita. Alimuonea wivu mpaka kufa."

"Baba, mimi sikujua."

"Hakutaka mutu ajue."

Nikaomba msamaha, akaupokea. Jirani akaniletea chai. Nilirudi nyumbani nimefurahi, na furaha yenyewe haikuwa safi: nilikuwa nawaza mlango ule uliofungwa, na babu yangu akipita na goti lake bila kujua kuna mtu anamtamani. Siku hizi tunasalimiana kama zamani. Nishani iko ukutani kwao, ndani ya fremu, na mimi nikiingia huwa nakaa kiti kinachoipa mgongo.