Kopo Moja la Chumvi

Mimi ni fundi wa nguo, na cherehani yangu iko kwenye baraza inayotazamana na alimentation ya Yannick, duka la vyakula, hapa mtaani Kasuku. Kwa hiyo nisiulizwe nimejuaje. Anayeingia dukani namwona, anayetoka namwona, na anayetoka amenuna namwita aketi anieleze. Kuna wanaoniita mbea. Jina langu ni Adèle, na habari za Josiane sitakubali zisimuliwe na mtu aliyeziokota njiani.

Josiane alikaa kwenye kasa ya kwanza ya duka lile, pale pa kulipia, miaka saba. Ndilo duka la kwanza mtaani kwetu ambamo mtu anajichukulia vitu mwenyewe kwenye rafu, anavipeleka kwenye mashine inayosoma bei, anapewa tikiti, yaani risiti. Sisi tuliozoea kubishana bei mpaka koo likauke tulidhani tumepumzika. Kumbe mashine nayo hukosea. Rafu inasema sabuni ni elfu moja, mashine inasema elfu moja mia tano, nawe umebeba mtoto mgongoni, una haraka, unalipa unaondoka. Ukigundua nyumbani ukarudi, unaonyeshwa kibao kilicho juu ya mlango, kwa Kifaransa cha herufi nyekundu: kitu kilichouzwa hakirudishwi wala hakibadilishwi.

Kwa Josiane mtu hakufikishwa kwenye kibao. Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, alipita kwenye rafu na daftari la shule, akanakili bei moja moja, na mashine ikitaja bei nyingine alisimama. Siku ya kwanza niliponunua kwake nilikuwa nimeshavuka barabara niliposikia naitwa.

"Mama Adèle, rudia! Mashini imekukatia mia tano ya bure."

Nikacheka, nikamwambia anunulie pipi. Hakucheka. Alinifuata mpaka kwenye cherehani, akanishika mkono, akaiweka noti kiganjani, akanikunja vidole mwenyewe. "Kamata. Njo yako." Ndiyo yangu, kweli, lakini nilikasirika kidogo. Noti yenyewe ilikuwa imechakaa, hata muuza karanga angeikataa, na mtu mzima ananikimbiza nayo mbele ya watu! Sikujua bado.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakupita kwa Josiane. Mama Béatrice anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na kila Jumamosi huingia mle na kikapu chake. Kasa ya kwanza ina watu wawili. Kasa ya pili ina watu watano. Béatrice anakuwa wa sita. Anasimama pale na kikapu kizito, haangalii pembeni, na Josiane anainamisha kichwa kama mtoto aliyekemewa. Jumamosi zote za miaka saba.

Sababu alinieleza Josiane mwenyewe, siku aliyoleta gauni nilipunguze kiuno. Alisimama mbele yangu na pini zimemzunguka, hawezi kukimbia, nami nikamwuliza. Nilikwisha kuwaonya kwamba naitwa mbea.

Mwaka wa elfu mbili na mbili alikuwa na miaka kumi na sita, na aliuza dukani kwa mjomba wake Célestin. Kabla vita havijakata reli, Célestin alipokea mpunga na mawese ya watu, akawapa bon: kikaratasi chenye muhuri wake, kimeandikwa kopo moja la chumvi, au mawili, utachukua treni ikifika. Treni haikufika. Miaka ikapita, kisha mji ukazungukwa na wenye silaha, njia ya Pangi haipitiki, njia ya Lubutu haipitiki, na chumvi ikawa ndiyo pesa. Tulichoma magugu ya mtoni, tukachuja majivu yake, tukatia kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na watoto wakageuza uso. Nilikuwapo. Vijana wakiniambia hayo ni ya zamani, huwa natamani kuwapikia chakula kile siku moja tu.

Célestin alipata magunia machache yaliyokuja kwa ndege. Akawaita wenye bon, na watu wakamsifu. Lakini chini ya meza alikuwa na makopo mawili. Moja lilikuwa zima. La pili alikuwa amelipiga matako kwa nyundo mpaka chini kukaingia ndani vidole vitatu. Ukilitazama kwa juu limejaa pomoni. Lile zima lilikuwa la wenye pesa mkononi. Lililobonyezwa lilikuwa la wenye bon. "Hawa walilipaga zamani," alimwambia Josiane, "watalalamika kwa nani?"

Josiane alijua. Ndilo jambo lililokuwa likimtafuna. Siku Béatrice alipofika na bon yake ya kopo moja, mkono wa Josiane ulichukua kopo lililobonyezwa, akapima, akapokea kikaratasi, akakichana.

Béatrice alikuwa na mtoto wa miaka mitatu, Kalume, mwenye homa kali. Muuguzi mmoja aliyekuwa akitibu watu nyumbani kwake alitaka kopo moja la chumvi kwa dawa. Naye alikuwa na watoto wa kulisha. Akaimimina chumvi ya Béatrice kwenye kopo lake. Haikufika juu. Akamwambia akalete iliyopungua. Béatrice akarudi dukani mbio.

"Papa Célestin, mutoto iko na homa. Muniongezee tu hii kidogo imebaki."

Célestin akamwonyesha ubao uliokuwa ukutani kwake wakati ule, wenye maneno yaleyale: hakirudishwi, hakibadilishwi. Béatrice akamgeukia Josiane.

"Weye njo ulipima. Sema. Kopo ilikuwa sawa?"

Josiane akamtazama mjomba wake. Kisha akasema, "Ilikuwa sawa, mama."

Kalume alikufa siku ya pili yake. Pengine dawa isingemponya. Mwaka ule walikufa hata watoto waliopata dawa. Mimi ndiye ninayesema hivyo. Josiane hakujitetea hivyo hata mara moja. Alikwenda matangani akakaa mwisho wa mkeka, na Béatrice alipomwona aliinuka akaingia ndani. Baadaye, Célestin alipokwisha kufa na Josiane kuanza kupata vijisenti vyake, alipeleka gunia zima la chumvi kwa Béatrice. Asubuhi iliyofuata Josiane alilikuta limerudishwa mlangoni pake, uzi wake haujafunguliwa. Alipeleka tena mwaka uliofuata. Likarudi tena.

"Sitaki anipende," aliniambia, na pini zangu kiunoni. "Ninataka apite tu kwa kasa yangu, siku moja. Hata anunue kiberiti. Nimupimie sawa, aone."

Nilipunguza gauni lile bure, nikasema kazi ilikuwa ndogo.

Sasa niseme ya mwaka jana. Watu waliokimbia vita upande wa Kabambare walipewa makuponi na shirika moja, na Yannick akapata kibali cha kuyapokea. Kila familia kuponi yake, ya elfu sitini, ya chakula na sabuni tu. Haitoi chenji, haigeuki pesa, na ikishapigwa muhuri imekwisha. Siku ile walijaa mpaka mbele ya baraza yangu. Walikuwa wakihesabu kwa vidole mbele ya rafu, polepole, unga, mafuta, chumvi, mpaka elfu sitini itimie. Kisha wanafika kwenye kasa na mashine inasema imezidi. Mama anaambiwa atoe. Anatoa chumvi. Anatoa sabuni. Anaondoka akidhani hajui hesabu.

Walikuwa wamepita thelathini na wawili kwa Josiane kabla hajafungua daftari lake. Asubuhi ile Yannick alikuwa amemtuma kupokea gari la mizigo, hakuwa amenakili bei. Alipokwenda kwenye rafu akaona: chupa ya mafuta elfu nne, na mashine inasoma elfu tano na mia tano. Unga vilevile.

Akamwita Yannick. Yannick akasema ni makosa ya mashine, yatatengenezwa kesho. Labda ni kweli. Mimi nasema mashine ile ilikuwa na akili sana, kukosea siku ya kuponi peke yake.

"Na hawa wamekwisha kupita?" Josiane akauliza.

Yannick akanyoosha kidole juu ya mlango, kwenye kibao. "Na tena hawakulipa kitu, Josiane. Ni karatasi ya bure. Watalalamika kwa nani?"

Wakati huo kasa ya pili ilikuwa na foleni, na ndani ya foleni alikuwamo Béatrice, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Nami nilikuwa nimeingia, nasema nilitafuta uzi. Nilimwona Josiane akimtazama Béatrice, kisha Yannick, kisha kibao. Alijua akifungua mdomo kasa haitakuwa yake tena, na asipokuwa kwenye kasa Béatrice hatakuwa na pa kupita. Nilimwona akiyajua yote hayo.

Akafunga mashine. Akatoka mpaka uwanjani na kusema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Wamama, wapapa, rudieni na tikiti zenu! Mimi njo nilipima, na haikuwa sawa."

Walirudi wote thelathini na wawili. Mtu wa shirika alikuwa amekaa kivulini na orodha yake. Alisikia, akaja, na Yannick akawa mpole ghafla. Kila mmoja akarudishiwa alichokuwa ameacha, chumvi yake na sabuni yake. Josiane alivitoa kwenye rafu kwa mkono wake. Alipoinua macho Béatrice hakuwapo. Kikapu chake kilikuwa sakafuni, vitu vyote ndani.

Jumatatu Yannick alimwachisha kazi. Josiane alikuja akakaa kwenye benchi langu la wateja. "Hata kununua aliacha," akasema. "Adèle, sasa atapita wapi?"

Alianza kuuza chumvi sokoni, beseni moja na kopo moja. Mimi humpelekea kiti changu kibovu, na siku zisizo na wateja hukaa naye nikimchekesha, bila mafanikio makubwa. Jumamosi ya nne tulikuwa tumekaa hivyo Béatrice alipokuja kati ya meza za samaki, akasimama mbele ya beseni. Hakusalimu. Alichukua kopo, akaligeuza, akapitisha kidole gumba chini yake, taratibu, mzunguko mzima. Kisha akalirudisha.

"Pima," akasema.

Josiane akapima. Alijaza, akazidisha, akaweka kilima juu, akataka kuongeza matabishi, ile nyongeza ambayo kila mnunuzi huidai. Béatrice akanyoosha kiganja, akakipitisha juu ya kopo, na kilima chote kikarudi kwenye beseni.

"Hapana. Kopo moja. Nililipaga."

Akaimimina kwenye kitambaa, akafunga fundo, akaondoka. Josiane hakumdai kitu.