Sauti ya Shule ya Jabalini

Pembezoni mwa mji wetu, siku za Mwingereza, kulikuwa na shule mbili za serikali, na baba alizilinganisha kama mtu anayenunua ng'ombe. Alikuwa tarishi wa Boma, barua za kila upande zilipita mikononi mwake, kwa hiyo hakukosa kisingizio cha kuingia popote. Alihesabu madawati, akachungulia vyoo, akaonja maji ya kisima. Mimi ndiye niliyekuwa naandikishwa, ila hakuna aliyeniuliza kitu.

Shule ya ziwani ilikuwa mpya. Ilikuwa na bati juu, sakafu ya saruji, bustani ya mchicha, na upepo wa ziwa la chumvi ukipita madirishani. Shule ya jabalini iliezekwa kwa nyasi, watoto wamebanana chini, na nyuma yake mawe makubwa yamepandana mpaka yanaziba jua la asubuhi. Mwalimu akisema neno uwanjani, mawe yanalirudisha. Hata mjinga angejua pa kumpeleka mtoto. Lakini mama alisema jabalini, na hakutoa sababu.

Dada yangu alikuwa amesoma jabalini. Alinipita miaka minne. Wakati wa likizo alikwenda kwa bibi, kijijini Mgori, akashikwa na homa ya uti wa mgongo, akafa, akazikwa kulekule. Tangu siku hiyo mama aliishi nasi kama mgeni asiyejua vyombo vinakaa wapi. Alipika, alifua, alifagia. Jina langu hakuliita tena. Akinihitaji alisema "wewe", au alininyooshea kidole tu. Nilikuwa na hasira naye, nasema kweli, na nilitaka anirudie kuliko nilivyoitaka shule yoyote.

Siku moja baba alinichukua kwenda kumwona mwalimu wa jabalini. Alikuwa mwalimu mgeni, kijana wa miwani minene, aliyeletwa kutoka mbali baada ya likizo ile. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia bila kunitazama. Baba akamuuliza habari za utoro, maana hilo nalo lilikuwa kwenye mizani yake. Mwalimu akafurahi kuulizwa. Akafungua kitabu cha mahudhurio, akatelezesha kidole mpaka kwenye jina la baba.

"Mzee, huyu binti yako nakupongeza. Tangu tufungue shule hajakosa hata siku moja."

Lilikuwa jina la dada. Alama za wino zilijipanga mbele yake, safu nzima, bila pengo. Baba hakusema kwamba mtoto huyo amekufa. Alisema, "Asante, Mwalimu," tukatoka.

Uwanjani msichana mmoja, mtoto wa jirani yetu, alikuwa akifagia. Baba akamuuliza kwa Kinyaturu, lugha ya kwetu, polepole, kama kuna mtu anaitika kwa jina la dada. Msichana aliyatazama mawe kwanza.

"Yeye mwenyewe," alinong'ona. "Akiitwa, anaitika kutoka kule. Tumeambiana tusiseme."

Akarudi kufagia haraka haraka, palepale alipokwisha kufagia.

Asubuhi iliyofuata mama alikwenda kisimani mapema, kama kawaida yake. Mimi na baba tulikwenda kusimama nyuma ya ua wa minyaa, kando ya shule. Watoto walikuwa wamepanga mistari, mwalimu ameinamia kitabu. Anaita, wanajibu "Nipo", na mawe yanarudisha kila sauti. Akaita jina la dada. Mistarini hakuna aliyefungua kinywa. Watoto waliinamisha vichwa, wote kwa pamoja.

"Nipo," likasema jabali.

Sauti nyembamba, ya dada, ya dada kabisa. Mwalimu akatia alama akaendelea. Nilitaka kukimbia na nilitaka kumwita, yote mawili, nikabaki nimeng'ang'ania kaptula ya baba. Ndipo nikaliona debe la maji chini ya mawe, tupu, na kile kijiti cha kushikia alichokichonga baba mwenyewe. Debe letu.

"Ni mama," nikasema.

Baba alikuwa amekwisha kuliona. Mtu aliyefikisha barua za wilaya nzima, kwenye mvua na kwenye jua, alishindwa kutembea zile hatua chache za kumfikia mke wake. Tukageuka. Njiani akaniuliza, kwa mara ya kwanza, "Wewe unataka shule ipi?"

Niliwaza lile bati na ule mchicha. Nikasema jabalini. Nyumbani mama hakuwepo, hata akiwa amekaa jikoni. Kule alikuwepo kila asubuhi.

Sijui baba alimwambia nini mwalimu, ila siku niliyoanza, jina la dada lilikuwa limepigwa mstari. Mwalimu alifika pale, akalipita. Nilijua mama yuko nyuma ya jiwe, amezuia pumzi, anasubiri. Mwalimu akaita jina langu.

"Nipo," likasema jabali, kabla sijafungua kinywa.

Watoto waligeuka kunitazama kama watu wanaotazama maiti. Mama alikuwa ameniitikia mimi kutoka kule alikokuwa akimwitikia mfu, na hasira yangu yote ya miezi ile ikanipanda.

"Nipo mimi!" nikapiga kelele. "Mimi nipo hapa!"

Mawe yakarudisha: nipo hapa. Kisha yakanyamaza. Mama akatoka nyuma ya jiwe na debe tupu kichwani, akapita mbele ya mistari yote bila kumtazama mtu, akashika njia ya kisimani.

Mchana niliporudi nilimkuta anasonga ugali. Hakugeuka. Akaita jina langu, langu mimi, taratibu, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umevunjika. Alikuwa ametufundisha tangu utotoni kwamba mtoto wa kike akiitwa na mama yake huitika "Abee". Mimi nikasema, "Nipo."

Mwiko ulimponyoka. Alinivuta kifuani akalia, na ugali ukaungua mpaka moshi ukajaa nyumba. Tuliula hivyohivyo.